"Ukungu" si jina la ugonjwa

"Nipe dawa ya ukungu." Msimu wa masika kauli hiyo haikatiki kwenye kaunta za maduka ya pembejeo ya Ngamiani, hapa Tanga. Anaisema mwenye viazi aliyeshuka kutoka Lushoto, mwenye matikiti wa Mkinga, mwenye mahindi wa Handeni na mwenye mikorosho wa Pangani. Wote wanne huenda wakaondoka na pakiti ya aina moja. Baada ya wiki mbili mmoja anasifu dawa, mwingine analaani kuwa ni feki. Dawa feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi dawa ni halali kabisa, ila imepelekwa kwa kiumbe isiyemhusu.

Msimamo wangu ni huu: jina la kisayansi la kimelea ni kifaa cha kazi kama lilivyo bomba la kupulizia, na lazima litamkwe dukani, shambani na kwenye mafunzo ya ugani, sambamba na jina la Kiswahili. Wapo wanaosema Kilatini kinamchanganya mkulima. Sikubaliani nao hata kidogo. Mkulima anayekariri majina ya mbegu chotara kwa herufi na namba zake hashindwi kukariri *Alternaria*.

Tuanze na viazi na nyanya za Usambara. Kuna bakajani tangulia na kuna bakajani chelewa. Kwa Kiswahili zinaonekana ndugu, moja ikiwahi na nyingine ikichelewa. Ukweli ni kwamba hazina undugu wowote. Bakajani tangulia husababishwa na *Alternaria solani*, ambayo ni kuvu ya kweli. Bakajani chelewa husababishwa na *Phytophthora infestans*, ambayo si kuvu kabisa, ingawa ina nyuzi na spora na kwa miaka mingi iliorodheshwa kati ya kuvu. Kuta za chembe zake zina selulosi, wakati kuta za kuvu zina kitini, dutu ngumu kama ya gamba la mdudu. Ukoo wake uko karibu na mwani wa kahawia wa baharini (si huu mwekundu tunaoulima pwani kwa kamba na vigingi) kuliko uyoga au hamira.

Sasa tazama hilo linavyofika kwenye bomba. Viuakuvu vya kundi la triazoli, kama difenokonazoli, huua kwa kuzuia kuvu isitengeneze ergosteroli, mafuta yanayoshikilia utando wa chembe zake. *Phytophthora* haitengenezi steroli zake yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kuzuia. Ukiipulizia triazoli unaosha majani tu. Metalaksili iko kinyume chake: inapenya ndani ya mmea na kuzuia utengenezaji wa RNA (molekuli inayobeba maagizo ya chembe) wa *Phytophthora* na jamaa zake, lakini *Alternaria* haina habari nayo.

Kinachoficha kosa hili ni mankozebu. Yenyewe hushambulia sehemu nyingi za kimelea kwa pamoja, hivyo inazuia makundi yote mawili, mradi imetangulia juu ya jani kabla ya spora kuota. Haiponyi jani lililokwisha kuingiliwa. Mchanganyiko unaouzwa sana una mankozebu asilimia 64 na metalaksili asilimia 8, na kipimo cha kawaida ni gramu 50 kwa bomba la lita 20. Kila bomba basi lina gramu 32 za mankozebu na gramu 4 za metalaksili. Ukiipuliza kwenye bakajani tangulia, zile gramu 4, ambazo ndizo zinazopandisha bei ya pakiti, zimemwagwa bure. Mankozebu ndiyo iliyofanya kazi, lakini sifa inakwenda kwa pakiti nzima, na mwaka unaofuata mkulima anairudia. Zaidi ya hapo, *P. infestans* sugu kwa metalaksili imeonekana katika nchi nyingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na njia ya kuzalisha usugu ni kuitumia dawa ovyo namna hiyo.

Kuvitofautisha shambani hakuhitaji hadubini. Baka la *Alternaria* lina duara ndani ya duara, kama pete za gogo lililokatwa, na huanza majani ya chini yaliyozeeka. Baka la *Phytophthora* linaonekana kama limemwagiwa maji ya moto, halina pete, na alfajiri yenye umande ukigeuza jani utaona utepe mweupe wa vinyoya pale baka linapokutana na sehemu ya kijani. Kama bado una shaka, chukua kopo lenye kifuniko, tandika karatasi ya chooni iliyoloweshwa na kukamuliwa, laza jani upande wa chini ukitazama juu, funika, weka kivulini usiku kucha. Asubuhi vinyoya vyeupe vitakuwa vimeota kama ni bakajani chelewa.

Jambo hilohilo liko kwenye matango na matikiti. Ubwiri unga, unaotokana na *Podosphaera xanthii*, ni kuvu ya kweli: vumbi jeupe juu ya jani, kama unga wa muhogo. Ubwiri vinyoya, unaotokana na *Pseudoperonospora cubensis*, ni wa ukoo wa *Phytophthora*: juu ya jani kuna mabaka ya njano yenye pembe, yamezuiwa na mishipa, na chini yake kuna ukungu wa kijivu unaoelekea zambarau. Salfa inaumaliza wa kwanza na haimfanyi kitu wa pili. Tena salfa hiyo ikipulizwa kwenye jua la mchana, joto likipita nyuzi 30 hivi, inaunguza majani ya matango. Hapa nakipongeza Kiswahili: "unga" na "vinyoya" ni maelezo sahihi kabisa ya kile jicho linachokiona. Tatizo ni neno "ubwiri" kusimama mbele kama jina la ukoo, na watu kuishia hapo.

Jina la Kilatini lenyewe lina taarifa nyingi ukijua kulisoma. Neno la kwanza ni jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili ni spishi, huanza kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mahali. Baada yake huja waliolitoa jina. Ukikuta *Phytophthora infestans* (Mont.) de Bary, mabano yanakwambia kiumbe alihamishwa: Montagne alimwita *Botrytis infestans* mwaka 1845, kisha de Bary akamhamishia jenasi mpya mwaka 1876. "sp." maana yake spishi moja isiyotambuliwa bado, "spp." ni spishi kadhaa. Ripoti ya maabara inayosema "*Fusarium* sp." haijakupa jina la ugonjwa. Imekupa jina la mtaa bila namba ya nyumba, na una haki ya kurudi kuuliza.

Lalamiko ninaloliheshimu ni kwamba majina hubadilika. Kweli, na miaka hii yamebadilika mno. Sababu kubwa ni kwamba kuvu nyingi zilikuwa na majina mawili halali: moja la hatua ya uzazi wa jinsi, lingine la hatua isiyo na jinsi. Sigatoka nyeusi ya migomba ilikuwa *Mycosphaerella fijiensis* kwenye kitabu kimoja na *Pseudocercospora fijiensis* kwenye kingine. Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Melbourne mwaka 2011 ulifuta utaratibu huo: kuvu moja, jina moja. Sigatoka nyeusi ikabaki *Pseudocercospora*, na blasti ya mpunga, inayosumbua mabonde kama ya Mombo, ikarudi kuitwa *Pyricularia oryzae* badala ya *Magnaporthe*. Naona ulikuwa uamuzi wa haki. Tulichokosa ni kazi ndogo ya kusahihisha vipeperushi. Vingi bado vinataja *Helminthosporium turcicum* kwenye bakajani la mahindi, wakati jina linalotumika ni *Exserohilum turcicum*. Afisa ugani aandike jipya, na la zamani aliweke kando yake, ili anayesoma lebo ya miaka ya nyuma asipotee.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa chulebuni, ugonjwa wa buni za kahawa, kwa sababu jina la kimelea chake ni letu. Ugonjwa huu ulionekana kwanza Kenya mwaka 1922. Kimelea chake kikaingizwa chini ya *Colletotrichum coffeanum*, jina lililotolewa kwa kuvu ya Brazili ambayo hukaa kwenye mibuni bila kuleta madhara makubwa. Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa, maana kuvu ya Afrika ya Mashariki hushambulia buni mbichi ingali ya kijani, ikaacha baka jeusi lililodidimia, na punje zikakauka mtini au kupukutika. Kwa jina moja, ungedhani Brazili na Kenya zina ugonjwa mmoja. Hazina: hadi leo chulebuni haijatoka nje ya Afrika. Maabara zilitambua kuwa kuvu hii inakua polepole kwenye sahani za maabara na haiwezi kujilisha kwa sitrati wala tatrati, tofauti na jamaa zake wa kwenye magome. Mwaka 1993 wanasayansi Waller na Bridge wakaipa jina lake: *Colletotrichum kahawae*. Ni kahawa yetu hiyohiyo, imevikwa kiambishi cha Kilatini chenye maana ya "ya". Kuvu ya kahawa. Mkaguzi wa karantini popote duniani akisoma neno hilo anajua mzigo gani auzuie, na analisoma kwa Kiswahili.

Jina la spishi nalo lina mpaka wake, na hapo lazima tuseme kweli. *Fusarium oxysporum* yuko kwenye udongo wa karibu kila shamba, na aina nyingi hazina madhara. Inayonyausha migomba ni *Fusarium oxysporum* f. sp. *cubense* ("f. sp." ni aina maalumu kwa mmea fulani), na ndani yake kuna makundi: kundi la kwanza huua ndizi aina ya kisukari, lakini Cavendish, ndizi ya biashara ya nje, inalihimili; lile liitwalo TR4 (kifupi cha Kiingereza cha "kundi la nne la tropiki"), lililoripotiwa Msumbiji mwaka 2013, linaiua na Cavendish. Mwaka 2019 kulipendekezwa kuipa TR4 jina la spishi lake, *Fusarium odoratissimum*. Wataalamu hawajakubaliana. Mimi ningeshikilia "TR4" kwenye mabango ya tahadhari, kwa sababu ndilo neno ambalo tayari liko midomoni mwa watu wa mpakani na bandarini.

Sumukuvu, yaani sumu ambayo kuvu huiacha kwenye nafaka, ni mfano mkali zaidi. *Aspergillus flavus* mmoja anatoa sumu, mwingine wa spishi ileile hatoi, na huwezi kuwatenganisha kwa jicho. Udhibiti wa kibiolojia umejengwa juu ya tofauti hiyo: punje za mtama zilizobeba aina zisizo na sumu humwagwa shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, ili ziwahi nafasi. Kwenye mkonge wetu kuoza kwa shina kulihesabiwa kuwa kazi ya *Aspergillus niger*, kuvu nyeusi inayoingilia majeraha ya kukatia majani. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyika Brazili ukaonyesha kuwa mhusika huko ni *A. welwitschiae*, mwenye vumbi jeusi lilelile. Ningependa mashina yanayooza ya Muheza na Korogwe yapimwe kwa njia hiyo pia.

Ili maabara itoe jina la kweli, sampuli iwe ya kweli. Kata majani matano hadi kumi yenye baka changa, ukichukua na sehemu nzima inayolizunguka, maana kimelea kinachokula kiko mpakani. Katikati kumeshakufa na kuvamiwa na walaji wa maiti kama *Cladosporium*. Funga kwenye karatasi ya gazeti, usitumie mfuko wa plastiki: jani linatoka jasho, linaoza, na maabara inakutajia kuvu ya kuozea njiani. Andika zao, aina ya mbegu, kijiji, tarehe, dawa uliyopuliza mwisho na siku yake. Zifike ndani ya siku mbili. Kwa nyanya inayonyauka ghafla ingali kijani, kwanza kata kipande cha shina ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Michirizi myeupe kama maziwa ikishuka ndani ya dakika chache, huyo ni bakteria, na hakuna kiuakuvu cha kumnunulia.

Na ukiwa kaunta, kabla ya kulipa, geuza pakiti. Tafuta jina la kiambato, siyo jina la biashara, kisha tafuta jina la kimelea kwenye orodha ya inachotibu. Kama lako halimo, irudishe kwenye rafu.