Manyoya ya Kong hayatulii

Ukiitazama tena filamu ya King Kong ya mwaka 1933, achana kidogo na mayowe ya mwigizaji Fay Wray, umtazame sokwe mwenyewe begani. Manyoya yake hayatulii. Yanainuka, yanalala, yanapinda huku na huku kana kwamba kuna upepo unaomvumia yeye peke yake. Upepo haupo. Hizo ni alama za vidole vya Willis O'Brien, fundi aliyemsogeza.

Kong alikuwa kidoli cha kati ya sentimita 45 na 60. Ndani kuna mifupa ya chuma yenye viungo, juu yake misuli ya mpira iliyojengwa na fundi Marcel Delgado, kisha ngozi ya sungura. O'Brien alimsogeza kidogo tu, akajitoa, kamera ikapiga picha moja, akarudi tena. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24, na kila alipomgusa, manyoya yalivurugika. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa studio walipoyaona yakichezacheza walifurahi, wakidhani sokwe kasimamisha manyoya kwa hasira.

Ufundi huu, stopumosheni, una mashabiki na una wanaoucheka. Wanaoucheka wana hoja. Punga mkono haraka mbele ya kamera: picha itatoka na ukungu, kwa sababu mkono ulikuwa ukienda wakati lenzi iko wazi. Kidoli hupigwa kikiwa kimesimama tuli, kwa hiyo kila picha ni kali kama wembe, na zikiungana mwendo unakuwa wa kudundadunda. Hata asiyejua sababu, jicho lake linashtuka. Halafu kuna mambo yasiyokubali kusubiri. Maji, moshi na vumbi huwezi kuviambia vitulie mpaka usogeze mguu wa dubwana.

Wajapani waliliona hilo. Fundi wao wa madubwana, Eiji Tsuburaya, alimpenda Kong kupita kiasi, lakini filamu yake ya dubwana Godzilla ya mwaka 1954 isingewahi kukamilika kwa njia ile. Akamvika mwigizaji Haruo Nakajima vazi zito la mpira, akamwachia akanyage mji wa Tokyo wa kuchonga, huku kamera ikienda kasi kuliko kawaida ili kwenye skrini mwendo uwe wa polepole na mzito. Ukuta ukianguka, umeanguka kweli, na vumbi ni vumbi. Kwa uzito, Godzilla anampiga Kong wa O'Brien bila ubishi.

Gharama nayo iliuma. Ray Harryhausen, aliyeiona King Kong akiwa na miaka 13 na baadaye akafanya kazi chini ya O'Brien mwenyewe, mwaka 1955 alileta kwenye filamu pweza wa kuvunja daraja la Golden Gate la San Francisco. Bajeti ilikuwa finyu, na kila mnyiri wa ziada ni saa za ziada mezani. Pweza akatoka na minyiri sita badala ya minane. Wavuvi wa Kilwa wangegundua mara moja. Watazamaji wengi hawakuhesabu.

Sasa upande wa pili, na hapa sikubaliani na utetezi unaosikika zaidi, kwamba vitu hivi ni bora kwa kuwa vimetengenezwa kwa mikono. Jasho peke yake halimfurahishi mtazamaji. Mkeka mbovu ni mbovu hata ukisukwa mwaka mzima.

Hoja yenye nguvu ni uigizaji. Kong anapigana na dinosaria aina ya tairanosaria, anamvunja taya, mnyama anakufa. Filamu ingeweza kuendelea. Badala yake Kong anaushika ule mdomo uliolegea, anaufungua, anaufunga, anaufungua tena, kama mtoto aliyeharibu kitu na hajui kwa nini hakifanyi kazi. Hakuna aliyejificha ndani ya vazi akihema. Ni mtu mmoja aliyeigiza kwa vidole, na O'Brien, aliyewahi kuwa bondia, alijua mpiganaji anakaaje baada ya kushinda. (Wale wenyeji wa kisiwa anakotoka Kong, kinachodaiwa kuwa jirani na Sumatra, lakini kimejazwa waigizaji weusi wa Marekani, ni kesi nyingine, na sioni utetezi wake.)

Na kuna mahali ambapo ule mdundodundo si dosari hata kidogo. Katika Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, Harryhausen aliwapiganisha viunzi saba vya mifupa na watu watatu. Dakika chache zile zilimla zaidi ya miezi minne. Mifupa inatembea kwa kukatikakatika, na nani atalalamika? Maiti aliyefufuka akitembea laini kama mwanariadha ndiye angetutia shaka. Vivyo hivyo jitu la jicho moja analokutana nalo Sindbad, baharia tuliyemsoma shuleni, katika filamu ya mwaka 1958. Kiumbe ambaye hakupaswa kuwepo anaruhusiwa kutembea vibaya.

Mnyama wa kawaida anayekimbia haruhusiwi, na hapo kompyuta ilishinda kihalali. Phil Tippett, fundi wa stopumosheni, aliajiriwa kuwasogeza dinosaria wa filamu ya Jurassic Park kwa mkono, majaribio ya kompyuta yakaonyeshwa, akasema sasa yeye ndiye aliyetoweka, kama dinosaria. Hawakumwachia aende. Walitengeneza vidoli vya chuma vyenye vihisio kwenye viungo, waya zikaingia kwenye kompyuta, na baadhi ya dinosaria waliotutisha mwaka 1993 walisogezwa na vidole, picha kwa picha.