Nani atamfundisha mwigizaji wa Gredi ya 10?

Mvua ilitukuta katikati ya onyesho. Tulikuwa kwenye bwalo la chakula la shule moja ya bweni nje kidogo ya Kisumu, mabati matupu juu bila dari, wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne wamebanana kwenye viti walivyobeba wenyewe kutoka madarasani. Kundi letu lilikuwa likizunguka shule kwa shule na tamthilia teule ya mwaka huo, yaani ile inayotahiniwa, waigizaji saba na maleba ya kuazima. Ilipoanza kunyesha sikuisikia hata sauti yangu mwenyewe. Nikafanya nilichokijua: nikapiga kelele. Onyesho lilipokwisha koo lilikuwa linauma hata kumeza mate, na kwa siku tatu zilizofuata niliigiza kwa mkwaruzo.

Mwenzangu mmoja, aliyekuwa amesomea sanaa za maonyesho chuo kikuu, hakupiga kelele. Mvua ilipozidi alinyamaza, akavuta kiti, akaketi, akaanza kukunja leso iliyokuwa mapajani mwake. Aliikunja polepole, akaikunjua, akaikunja tena, macho yake hayambanduki mwanamume aliyesimama mbele yake. Bwalo zima likatulia kumtazama. Mvua ilipopungua akarudia maneno aliyokuwa ameyakatiza, kwa sauti ya kawaida. Wanafunzi walidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Nimeikumbuka siku hiyo mara nyingi tangu Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya lilipoingia Gredi ya 10. Katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kuna somo linaloitwa Maigizo na Filamu. Kwa miaka yote ya 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, maigizo yalikuwa kitu cha baada ya masomo, cha kuwania kombe kisha kusahauliwa. Sasa yana vipindi kwenye ratiba, na vipindi vinahitaji mwalimu. Kisumu nimesikia majibu mawili, na wanaoyatoa hawaelewani kabisa.

Jibu la kwanza linasema apewe mwalimu aliyesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), hata kama amesomea Fasihi au Kiswahili na hajawahi kukanyaga jukwaa. Wenzangu wa sanaa hulicheka jibu hili, na nadhani wanakosea. Kumfundisha mtoto ni kazi yenye ujuzi wake. Mwalimu anajua kupanga kazi ya muhula, kumtathmini mtoto asiye na kipaji bila kumvunja moyo, kuwashughulikia vijana arubaini ambao ishirini kati yao walipelekwa mkondo huo bila kuupenda. Akikosea, kuna ofisi ya kumwita ajieleze. Mimi nimefanya kazi na kiongozi wa kundi aliyepokea malipo ya shule kumi na mbili akatuachia nauli ya matatu tu, na hakukuwa na mtu wa kumshtaki kwake. Sisi tulikuwa watu wazima. Mzazi ana haki ya kuuliza mtu wa namna hiyo akikabidhiwa binti wa miaka kumi na mitano itakuwaje.

Jibu la pili linasema aitwe mwigizaji. Ushahidi wake mkubwa uko kwenye tamasha za drama zenyewe, ambazo zimekuwepo tangu 1959. Shule zinazotaka kufika ngazi ya kitaifa huajiri mtu wa nje wa kuandika na mtu wa nje wa kuelekeza, na kila mwalimu wa drama katika Nyanza na Magharibi analijua hilo. Kwa hiyo shule zilishakiri kitambo kwamba ujuzi huu hauko kwenye chumba cha walimu. Zimekuwa zikiununua kwa wiki sita, muhula wa kwanza, kisha zinamuaga mwenyewe hadi mwaka ujao.

Lakini tazama ununuzi huo umetuletea nini. Kuna sauti ninayoiita sauti ya tamasha. Kila sentensi inaanzia juu, inavutwa mwishoni, kiganja cha kulia kinafunguka, macho yanakwenda kwa waamuzi badala ya kwenda kwa anayesemeshwa. Funga macho usikilize shule tano mfululizo. Hutajua moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Mwelekezi aliyelipwa kuleta kombe hana muda wa kumuuliza mtoto mhusika wake anataka nini. Anamwonyesha jinsi ya kusema na mtoto anaiga. Inashinda, na ndiyo maana haiachwi. Nimewaona waigizaji wa miaka thelathini ambao bado wanaongea hivyo jukwaani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kuna njia nyingine.

Hapo ndipo chuo kina neno. Maseno, Moi kule Eldoret, na Kenyatta hufundisha maigizo kama taaluma, na mwanafunzi hukutana mapema na Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898. Swali lake kuu ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: mhusika huyu, katika hali hii, anataka nini sasa hivi? Mwenzangu wa siku ile ya mvua alikuwa analo jibu. Mhusika wake alitaka yule mwanamume aone aibu, na leso ilitosha. Mimi nilikuwa na maneno niliyoyakariri, na maneno yaliposombwa na mvua sikubaki na kitu.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba kabla ya chuo hapakuwa na mafunzo. Mtu akitaka kuona pumzi na mwendo vikitumika kwa ukamilifu, aende Bungoma siku ya kumuse, hotuba ya Wababukusu baada ya mzee mashuhuri kuzikwa. Msemaji, ambaye hutoka katika koo maalumu, hutembea huku na huku kwenye uwanja ulioachwa wazi katikati ya umati, fimbo mkononi, akisimulia historia na kuonya kwa saa nyingi. Hana karatasi. Anajua lini anyamaze ili watu wavute pumzi naye. Silabasi inayoanzia Moscow bila kumpitia mzee huyu inawanyima watoto wetu mwalimu waliye naye nyumbani.

Kuna shule nyingine ambayo haikuitwa shule, nayo ni maigizo ya mashirika. Mapambano dhidi ya Ukimwi yalipoletwa vijijini na mitaani huku Nyanza na Magharibi, vikundi vya vijana vililipwa kuigiza sokoni na kwenye viwanja. Mbinu nyingi zilifanana na za Mbrazili Augusto Boal: mchezo unakatizwa pale mhusika amekwama, na mtazamaji anaalikwa kuingia kuonyesha angefanya nini. Nimemwona mama muuza samaki akivua ndara, akaingia uwanjani na kumjibu mume wa kwenye mchezo kwa maneno ambayo hakuna mwandishi angeyapata. Mwigizaji aliyezoea hayo hujifunza kusikiliza kwelikweli, maana hajui atajibiwa nini. Ubaya ni kwamba ujumbe ulikuwa wa mfadhili, na kila mchezo uliishia kliniki. Fedha za Marekani zilipokatwa mwaka 2025, kazi nyingi za afya zilizozitegemea zilisimama au kupunguzwa, na anayeishi kwa maonyesho ya aina hiyo hawezi kupuuza pigo hilo.

Soko la tamthilia teule nalo lina tarehe. Mtihani wa mwisho wa KCSE, ule wa kumaliza Kidato cha Nne, ni 2027. Onyesho la bwaloni linauzwa kwa sababu mwanafunzi ataulizwa maswali ya kitabu kile. Mtihani ukiondoka, mwalimu mkuu hana sababu ya kuwatoza wanafunzi ada ya kututazama. Kwa vijana wa Kondele na Nyalenda, mitaa ya hapa Kisumu, wanaoishi kwa safari hizo, somo jipya la Gredi ya 10 ndilo tegemeo lililobaki. Ndiyo maana mjadala huu unanigusa.

Wanaotaka mtu wa nje azuiwe wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa, na ilitokea Nakuru. Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa, shule ya Butere Girls ya Kaunti ya Kakamega ilikuwa imerudishwa mashindanoni kwa amri ya Mahakama Kuu baada ya tamthilia yake, iliyoonekana kuikosoa serikali, kuondolewa. Mwandishi wake, aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alikamatwa alipokuwa akienda kukutana na wasichana. Vitoa machozi vilirushwa. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Kuna wazazi wanaosema mwanasiasa hakufaa kuwaweka watoto mbele ya vita vyake. Nawaelewa. Ila waliorusha moshi hawakuwa waigizaji, na mwalimu anayeogopa kuhamishwa hangethubutu kuliandaa onyesho lenye ukali ule. Tukimwachia mwajiriwa wa serikali peke yake somo hili, tutapata michezo ya kuhimiza upandaji miti, mwaka baada ya mwaka.

Ningependa darasa la watu wawili: mwalimu aliyesajiliwa anayebeba silabasi, tathmini na usalama wa watoto, na mwigizaji mwenye mkataba wa mwaka mzima, aliyechunguzwa, anayelipwa na shule moja kwa moja bila kupitia mkononi mwa kiongozi wa kundi. Kenya ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi wa magari anaweza kupimwa na kupewa cheti bila kurudi shule. Mwigizaji aliyezunguka Nyanza nzima kwa miaka kumi anastahili kupimwa vivyo hivyo. Pesa zitatoka wapi? Shule iliyopata za wiki sita za kutafuta kombe inaweza kuanza na hizo hizo.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote. Tunabishana chuo au jukwaa, kumbe hata aliyepita chuo amefungiwa nje. Mwenzangu wa leso ana shahada ya sanaa za maonyesho, hana ya ualimu, kwa hiyo TSC haiwezi kumsajili. Anauza simu Kondele. Jumamosi saa nane mchana hukutana na vijana wanane kwenye ukumbi wa kanisa, bure, na saa nzima ya kwanza hawasemi neno. Wanalala chali sakafuni, kila mmoja na kitabu cha zamani cha hesabu juu ya tumbo, wakikitazama kinavyopanda na kushuka.