Miwani ya AR ikipata maksi nzuri maabara, ndo imefaulu?

Hizi programu za AR, zinazoweka picha za kompyuta juu ya mazingira halisi unayoyaona kupitia simu au miwani, watu bado wanabishana zipimweje. Wengine wanasema vipimo vya zamani vinatosha, wengine wanasema vile vilitungiwa skrini ya mezani na huku havifai.

Hawa wa vipimo vya zamani wasibezwe. Dodoso la SUS la John Brooke, la kumuuliza mtumiaji mfumo ni rahisi kutumia kiasi gani, lipo tangu 1986, lina maswali 10 tu, maksi zinaenda 0 mpaka 100 na wastani unajulikana ni kama 68, kwa hiyo ukipata 75 unajua umesimama wapi ukijilinganisha na mifumo mingine kibao. Na maabara mwanga ni uleule, kazi ileile, kwa hiyo ukilinganisha kubonyeza hewani na kuamrisha kwa sauti unajua tofauti imetoka wapi.

Lakini sasa, kwenye maswali yote 10 hakuna hata moja linalouliza mwili! Mkono ukikaa hewani muda unachoka, kila mtu anajua. Macho nayo, miwani nyingi inaweka fokasi umbali mmoja, HoloLens ya Microsoft ni kama mita 2, halafu kitu kinachorwa kionekane sentimita 40 kutoka usoni, macho yanavutwa karibu huku fokasi imebaki mbali, akikaa hivyo muda mrefu mtu kichwa kinaweza kumuuma. NASA-TLX, dodoso jingine la 1988, angalau inauliza mzigo wa mwili na wa akili, ila kawaida unaijaza kazi ikishaisha, ule wakati mtu alipojikwaa kwenye ngazi haiuoni.

Uchambuzi uliotoka 2018 ulipitia makala 291 za utafiti wa AR za 2005 hadi 2014, na washiriki wengi walikuwa wanafunzi wa chuo, majaribio ya nje machache sana. Hapo ndo naona pabaya. Kijana aliyekaa kwenye kiti hawezi kukwambia maandishi yanafifia vipi juani, au fundi mwenye glavu atabonyeza nini.

Kupima nje ni ghali kweli, na data zinakuja zimevurugika, mara mvua, mara kelele, huwezi kurudia jaribio likawa lilelile. Mimi ningeanza maabara kuchuja muundo mbovu, halafu wale wanaoifanya kazi yenyewe wavae miwani zamu nzima, na kabla hawajafanya hivyo hizo maksi za SUS zisiandikwe kwenye tangazo la bidhaa.