Nani ashike ufunguo wa swichi?

Umeme ukikatika Ubaruku, Mbeya, msimu wa mpunga, vijana wa mashine ya kukoboa huona ndiyo nafasi ya kusafisha. Mmoja anafungua mfuniko, anaingiza mkono kutoa pumba zilizoziba chekeche. Swichi hakuna aliyeizima. Kama mota ina stata ya sumaku, umeme ukirudi haitawaka mpaka mtu abonyeze kitufe. Kama imeungwa kwenye swichi ya kawaida ya mkono, inazunguka papo hapo, mkono ukiwa bado ndani.

Dawa yake inajulikana: zima, tia kufuli lako kwenye swichi, ning'iniza kibao chenye jina lako, jaribu kuwasha uone kama imekufa kweli, ndipo ufungue mashine. Marekani iliutungia kanuni utaratibu huu mwaka 1989. Kwetu Tanzania, Sheria Na. 5 ya 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi imembebesha mwajiri jukumu la kulinda wafanyakazi wake.

Wenye mashine nao wana hoja, na si ubahili tu. Chekeche linaweza kuziba tena na tena kutwa nzima, wakulima wako foleni na magunia yao. Fundi akienda nyumbani na ufunguo, kazi imelala. Hata kanuni ya Marekani inaachia kazi ndogondogo za uzalishaji zisifungiwe kufuli, mradi pawe na kinga nyingine ya uhakika. Sharti hilo la mwisho ndilo husahaulika.

Kwenye dingdong za Mafinga, yaani mashine za kupasua mbao zinazoifuata misonobari porini kwa injini ya dizeli, kudai kufuli la swichi ni kupoteza muda. Zima injini, shusha mkanda, subiri msumeno usimame wenyewe, maana huendelea kuzunguka injini ikiwa imeshanyamaza.

Viwanda vya chai vya Mufindi ni habari nyingine. Swichi ikiwa chumba kingine na mafundi wako watatu kwenye mashine moja, sioni hoja ya kukataa makufuli matatu. Na boila haitoshi kufunga valvu: mvuke uliobaki kwenye bomba lazima uachiwe kwanza.

Ila pale kibarua anapolipwa kwa gunia, kila dakika ya kufunga na kufungua inatoka mfukoni mwake. Tajiri anayenunua makufuli bila kulipia muda huo atayakuta yananing'inia ukutani.