Desi Arnaz aliuza minazi akanunua ghala

Ukimtaja Desi Arnaz leo, wanaomkumbuka watakwambia ni yule mume wa Lucy, Mcuba wa ngoma ya conga aliyekuwa akifoka kila mkewe anapovuruga mambo kwenye I Love Lucy, kichekesho cha televisheni cha Marekani cha miaka ya 1950. Watu wa biashara ya televisheni wanamheshimu zaidi ya hapo, na wakitaka kuonyesha kipaji chake hukimbilia mwaka 1957, aliponunua studio nzima ya sinema ya RKO. Kwa maoni yangu wamechagua mfano usio wake. Dili lake kubwa lilikuwa la dola 1,000, miaka sita kabla ya hapo, na ununuzi wa RKO ndio ulioanza kulifuta.

Tuanzie kwa mtu mwenyewe, kwa kifupi. Alizaliwa Santiago de Cuba mwaka 1917, baba yake akiwa mwanasiasa aliyefikia kuwa meya wa mji huo. Mapinduzi ya 1933 yakamtupa baba gerezani, mali zikachukuliwa, na kijana akajikuta Miami akisafisha vizimba vya ndege wa kanari ili apate riziki. Muziki ukamtoa huko: bendi ya Xavier Cugat, kisha bendi yake mwenyewe, Broadway mwaka 1939, Hollywood mwaka 1940. Huko Hollywood, kwenye studio ya RKO, akakutana na Lucille Ball, na mwaka haukuisha wakawa wameoana. Shikilia jina hilo la RKO, tutalirudia.

Kufikia 1951 Lucille alikuwa na kipindi kwenye redio ya CBS, shirika la utangazaji, na shirika likataka kukihamishia kwenye televisheni. Yeye akasema hapigi picha bila Desi. CBS wakasita: nani ataamini kwamba Mmarekani yule ameolewa na Mcuba mwenye lafudhi nzito vile? Wakati huo walikuwa wameoana kwa miaka kama kumi. Mke na mume wakaanzisha kampuni, Desilu, wakazunguka majukwaani na mchezo wao mpaka hoja ile ikafa yenyewe.

Kisha likaja tatizo la ufundi, na hapa ndipo penye utamu. Vipindi vikubwa vya wakati ule vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Njia ya kusafirisha televisheni kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine ilikamilika Septemba 1951 tu, na watazamaji wengi walikuwa mashariki. Aliyetaka kufanyia kipindi Los Angeles ilibidi mashariki wapelekewe kineskopu, yaani kamera ya filamu inaelekezwa kwenye kioo cha televisheni na kupiga picha ya picha. Matokeo yake ni ukungu: nyuso zimefifia, kingo zimelegea. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hakutaka wateja wake wa mashariki waone ukungu. Desi na Lucille nao hawakutaka kuhamia New York.

Suluhisho la Desi lilikuwa kupiga kila kitu kwa filamu ya milimita 35, ile ya sinema, ili mashariki na magharibi wapate picha safi ileile. Lakini filamu ni ghali. Gharama ya kila kipindi ilikuwa ipande kwa dola 5,000 hivi. CBS wakakubali kubeba 2,000, mdhamini 2,000, wakawaomba mke na mume wakatwe 1,000 iliyobaki kwenye malipo yao ya 5,000 kwa wiki. Desi akakubali kukatwa, kwa sharti moja: kipindi kikisharushwa, filamu iwe mali ya Desilu.

Fanya hesabu yake. Hata tukichukulia kwamba kato lile liliendelea kwa vipindi vyote 180, ni dola 180,000. Tena kiwango cha juu cha kodi ya mapato Marekani miaka ile kilizidi asilimia 90, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha hiyo ingeishia serikalini hata kama wangelipwa. Na CBS walitoa nini? Kwa macho yao, walitoa takataka. Kipindi kilichokwisha kurushwa kilikuwa kama gazeti la jana. Walidhani wanamwachia mtu makopo ya mikanda ajaze stoo yake.

Kilichobaki kilikuwa kufanya jambo lenyewe liwezekane. Desi akamtafuta Karl Freund, mpiga picha aliyefanya filamu ya Metropolis kule Ujerumani, mwenye Oscar kabatini. Freund alianza kwa kusema haiwezekani, na alikuwa na sababu. Kwenye sinema unapiga pembe moja, unahamisha taa, unapiga nyingine. Desi alitaka kamera tatu zipige kwa pamoja mbele ya watazamaji kama 300 walioketi kwenye ngazi za viti, mchezo uende mfululizo kama wa jukwaani ili kicheko kiwe cha kweli. Taa inayompendeza mtu akitazamwa kutoka katikati humtia kivuli cha pua akitazamwa kutoka kando.

Freund akazitoa taa sakafuni akazipandisha zote juu, zimwage mwanga sawa kila mahali, na juu ya kamera akaweka taa ndogo za kulainisha vivuli vya usoni. Kuta na fanicha zikapakwa vivuli vya kijivu, maana kioo cha televisheni cha wakati ule hakikuweza kubeba weupe mkali na weusi mkali kwa pamoja. Kamera ya katikati ilichukua picha pana kwa lenzi ya milimita 28 hadi 50; mbili za kando zilivuta nyuso kwa lenzi ndefu. Sakafu bila nyaya ikaruhusu kamera zisukumwe huku na huku bila kumkwaa mtu. Ni mpangilio huohuo, kwa kiasi kikubwa, unaotumika mpaka leo kwenye vichekesho vinavyopigwa mbele ya watu.

Filamu ya milimita 35 hula futi 90 kwa dakika. Mkanda wa futi 1,000 unakwisha dakika ya 11, kwa hiyo katikati ya kipindi lazima pawe na vituo vya kubadilisha mkanda, huku bendi ikiwashikilia watazamaji. Kamera tatu kwa dakika 25 ni karibu futi 7,000 za kuchambua kila wiki. Meza ya uhariri ya kawaida ilikuwa na kioo kimoja. Kwa Desilu ikatumika mashine yenye vichwa vitatu vya picha na kimoja cha sauti, ziende sambamba, mhariri aone pembe zote tatu kwa pamoja. Wahariri waliibatiza jina Zimwi.

Tarehe 15 Oktoba 1951 kipindi cha kwanza kikaenda hewani. Faida ya umiliki ilionekana mapema kuliko yeyote alivyodhani: Lucille alipopata mimba na kuhitaji kupumzika, vipindi vya zamani vikarudiwa, na watu wakavitazama tena. Kineskopu isingefaa kwa kazi hiyo. Filamu ilikuwa safi kama siku ya kwanza. Kipindi cha Januari 1953 ambamo Lucy anajifungua kilitazamwa na watu wapatao milioni 44, jioni ya siku ileile Lucille alipojifungua kweli. Makopo ya stoo yakawa minazi inayozaa bila kumwagiliwa.

Halafu akaiuza. CBS walirudi wakainunua mikanda ileile waliyoitupa, kwa karibu dola milioni 5. Desi akachukua fedha hizo, akaongeza mkopo, na mwishoni mwa 1957 akanunua RKO kwa dola milioni 6.15, ikiwa na viwanja vyake vya Hollywood na Culver City. Studio ambako yeye na mkewe walikuwa waajiriwa wa mkataba sasa ikawa yao, na Desilu ikawa na majukwaa zaidi ya 30, kuliko hata MGM. Naelewa utamu wa siku hiyo. Isitoshe, kulikuwa na hoja nzuri: televisheni yote ilikuwa inahamia kwenye filamu, na kila mtayarishaji angehitaji mahali pa kupigia.

Ila jukwaa tupu lina gharama kila asubuhi. Kuna mafundi, umeme, kodi ya ardhi, seti za kutunza, na yote yanataka wapangaji mwaka mzima. Mkanda ulioko kwenye kopo hauombi mshahara. Desi aliyekuwa na mali isiyo na mdomo alijibadilishia mali yenye midomo elfu, na mwaka uliofuata akauza hisa kwa umma, akaongeza na midomo ya wanahisa. Wanaomjua wanasema pombe na wanawake ndivyo vilivyomwangusha. Sikatai, lakini uzito wa kuendesha mji ule wa majukwaa usisahaulike kwenye hesabu. Ndoa ilivunjika 1960. Mwaka 1962 Lucille akanunua hisa za Desi, akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuongoza studio kubwa ya televisheni.

Lucille ndiye aliyerudi kwenye somo la mwaka 1951, la kumiliki mikanda, pengine bila kukusudia. Mwaka 1966 aliziruhusu tamthilia za televisheni Star Trek na Mission: Impossible, huku wajumbe wa bodi wakipinga kwa sababu ya gharama. Walikuwa sahihi kuhusu gharama. Zililemea kampuni, na 1967 akaiuza Desilu kwa kampuni ya Gulf+Western kwa dola milioni 17. Mnunuzi ndiye aliyebaki na mikanda.

Desi alifariki mwaka 1986 kwa saratani ya mapafu. Tabasamu lake na la mkewe lilikuwa limeuza sigara nyingi. Kiwanja cha RKO cha barabara ya Gower kilipakana na studio ya Paramount, iliyokuwa ya Gulf+Western hiyohiyo, hivyo ukuta wa katikati ukabomolewa na viwanja viwili vikawa kimoja. Tufe kubwa la dunia, nembo ya RKO, bado lipo kwenye kona ya Gower na Melrose, limepakwa rangi moja na ukuta.