Simu Haina Gundi

Hivi jamani, mtu wa posta akifungua barua yako bila ya idhini ni mhalifu, anapelekwa mahakamani. Kijana wa kutengeneza simu akifungua maisha yako yote, huyo anaitwa fundi, na juu yake anakudai pesa ya kioo!

Mie nilipeleka kioo tu, kimepasuka. "Mzee, nipe na nambari ya siri, nijaribu tachi." Nikampa, ningefanyaje? Narudi baada ya alasiri namkuta katikati ya ujumbe wangu na Bi Mkubwa, anasoma kwa kituo, hana haraka. Akainua uso mbele ya wateja: "Mzee, mama anasema usisahau dawa yako ya tumbo."

Nikamwendea mpwa wangu anayesomea sheria. Akanambia, mjomba, wewe unalindwa: Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inahifadhi mawasiliano ya binafsi ya mtu, haibagui karatasi na intaneti. Tena sheria ya Muungano ya 2010 imetia posta na mambo ya elektroniki katika jalada moja. Nikamuuliza, fundi anayo hiyo nakala? Akacheka. Vijana wa siku hizi wanacheka ukiwauliza jambo la maana.

Akanipa na ya Marekani. Mahakama yao ya juu ilishasema tangu 1878 kuwa barua iliyofungwa haifunguliwi na serikali bila ya hati ya mahakama, ni kama imo ndani ya nyumba yako. Hiyo 1878, hapa Unguja hata waya wa telegrafu kutoka Aden ulikuwa haujafika, ulikuja mwaka wa pili yake. Nikasema hawa watu wana akili. Kumbe ngoja! Mwaka 1986 wakatunga sheria ya barua za kompyuta: ikishapita siku 180 imehifadhiwa kwa kampuni, serikali inaweza kuitaka bila ya ile hati. Ati imetelekezwa! Basi barua za marehemu baba alizoandika kutoka Mombasa, zimo kashani tangu sijaoa, kwa hesabu hiyo zingekuwa za polisi zamani. Mpaka 2010 ndipo mahakama yao moja ya rufaa ikasema barua pepe nayo ipewe heshima ya barua ya posta. Miaka yote hiyo walikuwa wanangoja nini, sijui, labda mtandao.

Mie naona sheria iende kote, posta na simu, sina ubishi. Lakini bahasha ilikuwa na jambo moja simu haina: ilikuwa inasema. Shangazi yetu mmoja (Mungu amrehemu) alikuwa akizifungua za watu kwa mvuke wa birika, kisha anazirudishia kwa punje za wali. Unaipokea imekunjamana, ina harufu ya nazi, unajua moja kwa moja nani wa kumnunia. Simu ikichunguliwa haikunjamani, yakhe. Inang'aa vile vile.

Mpwa anasema ujumbe siku hizi unafungwa njiani, hata kampuni yenyewe haiusomi. Njiani sawa. Ukishafika je? Nilimwandikia kaka yangu, yeye peke yake, kuwa tunafikiria kuuza nyumba ya Pemba. Mwanawe akapiga skrinishoti, akaitia kwenye kundi la ukoo, na kundi la ukoo lina watu hata siwajui wametokea tumbo gani. Ilipofika magharibi dalali ananisalimia kwa jina.

Pale Jaws Corner, barazani Mji Mkongwe, pana simu ya zamani imetundikwa, imeandikwa kupiga nchi za nje ni bure. Haiendi popote. Nikasema hii ndiyo simu ya mtu mwenye siri. Nikanyanyua mkono wa simu, nikaanza, "Haloo, kaka..."

Mzee mmoja, macho yake kwenye bao, akasema: "Ya nyumba usimwambie. Ameshapata mteja."