Kijana wa Ahero Hawezi Kumkopesha Mfadhili

Katika barua za mwaliko wa mafunzo na makongamano ya tabianchi ambazo zimepitia mikononi mwangu hapa Kisumu, kuna sentensi moja ambayo haikosekani, na kwa kawaida huwekwa karibu na mwisho, baada ya pongezi zote: mshiriki atajigharamia usafiri na malazi, kisha atarejeshewa fedha zake baada ya kuwasilisha risiti. Aliyeiandika huenda hakuona ubaya wowote ndani yake, kwa sababu kwa mtu mwenye mshahara na akaunti ya benki huo ni utaratibu wa uhasibu tu. Kwa kijana anayeuza nyanya kando ya barabara pale Ahero, au anayesubiri zamu ya kuingia ziwani kwa mtumbwi wa mtu mwingine katika ufuo wa Dunga, barua inakuwa imekwishia hapo.

Nimewaona wengi wakiikunja na kuitia mfukoni, lakini ninayemkumbuka zaidi ni binti mmoja kutoka uwanda wa Kano, mwanachama wa kikundi cha vijana ninachokisaidia kwa kazi za kujitolea. Alichaguliwa kuhudhuria mafunzo ya siku 4 jijini Nairobi kuhusu namna jamii zinavyoweza kujiandaa kwa mafuriko, na sikuona mtu aliyestahili zaidi yake, kwa kuwa nyumba ya mama yake ilikuwa imeingiwa na maji mara mbili na yeye ndiye aliyekuwa akiwahesabu watoto wa kijiji walipohamishiwa shuleni. Fedha za kutangulia hakuwa nazo. Alikopa shilingi 12,000 kutoka kwa chama cha akina mama, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, akaenda, akajifunza, akarudi na daftari lililojaa maandishi. Kisha ikaja shughuli ya risiti. Bodaboda iliyomtoa kwao hadi barabara kuu haitoi risiti, matatu ya kwenda stendi ya mabasi haitoi risiti, na mama aliyempikia chakula cha jioni kwenye kibanda karibu na nyumba ya wageni angemcheka kama angemwomba hati yenye muhuri. Fedha zake zilirudi baada ya miezi 3, zikiwa zimekatwa kila kilichokosa karatasi, na wakati huo deni la chama lilikuwa limeendelea kuota. Aliniuliza swali ambalo siku ile sikuweza kulijibu: "Mwalimu, hawa watu walinifadhili, au mimi ndiye niliyewafadhili?"

Nasema bila kuzunguka kwamba yeye ndiye aliyewafadhili. Kwa miezi 3 shirika lenye ofisi, magari na bajeti ya mwaka lilishikilia fedha za familia ambayo hata godoro lake lilikuwa bado halijakauka, na riba ya mkopo huo ililipwa na mkopeshaji. Kinachonikera zaidi ni kwamba utaratibu huu mdogo unafanana sana na ule mkubwa ambao vijana hao wanaalikwa kuujadili. Mwaka wa 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 zitakuwa zikikusanya dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na kwa hesabu ya OECD, ambayo ni jumuiya yao wenyewe, kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022. Hazina ya hasara na uharibifu, ya kuzisaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ilikubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka huohuo wa 2022, baada ya miongo ya kuombwa. Katikati ya ahadi na malipo, aliyefurikiwa hujenga upya kwa fedha zake. Maji ya Ziwa Victoria yalipofikia kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa mnamo Mei 2020, na mvua za masika za 2024 zilipoyarudisha maji katika mashamba na nyumba za Nyando na Budalang'i, hakuna aliyewaambia wakazi wakusanye risiti, ila kila mmoja alijua kwamba atatangulia kulipa yeye.

Aisifuye mvua imemnyea, na ndiyo sababu nafasi hizi zilibuniwa: kuwapeleka kwenye meza ya mazungumzo wale ambao mvua imewanyea. Hata hivyo, ukitazama orodha za wanaohudhuria mwaka baada ya mwaka, utakuta majina yaleyale ya vijana wachache wa mijini, wengi wao werevu na wenye bidii, sina kinyongo nao, ambao walipata safari ya kwanza kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu wa kuwakopesha nauli, na safari ya pili kwa sababu walikuwa na ile ya kwanza ya kuandika kwenye wasifu wao. Ombi huandikwa kwa Kiingereza, wakati mwingine pamoja na video ya kujieleza, na hutumwa kupitia tovuti ambayo huzimika mtandao unapolegea. Mvuvi wa omena anayejua kwa mikono yake jinsi gugumaji linavyoziba ghuba na kumnyima njia ya kutoka hawezi kushindana katika uwanja huo, si kwa kukosa la kusema.

Wapo wengine ambao hata nauli kamili haiwatoshi. Kijana kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya ishara, kwa hiyo safari yake ni ya watu wawili tangu mwanzo. Mama mchanga anahitaji mtu wa kumshikia mtoto ukumbini, au anyonyeshe huku akisikiliza, ila sijawahi kuona fomu iliyomuuliza kuhusu hilo. Kijana wa Ogiek kutoka Mariashoni, upande wa Nakuru, ambaye jamii yake ilishinda kesi ya ardhi ya msitu wa Mau katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka wa 2017, anapaswa kuwa mtu wa kwanza kualikwa misitu inapojadiliwa, lakini kabla hajafika kituo cha mabasi ameshatumia pesa ambazo hazimo katika bajeti ya mtu yeyote. Katiba yetu, katika kifungu cha 55, inaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate mafunzo yanayofaa na nafasi ya kuwakilishwa na kushiriki. Haisemi kwamba watangulie kulipa.

Safari za nje ndizo zinazopigiwa picha zaidi, na huko mambo ni magumu mara dufu. Pasipoti ya kurasa 34 hugharimu shilingi 7,500 tangu ada zilipopandishwa mwaka wa 2024. Anayekwenda Bonn, Ujerumani, ambako mikutano ya maandalizi ya mkutano mkuu wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa hufanyika kila Juni, huomba viza ya Schengen, huonyesha taarifa za benki za miezi kadhaa, na akiwa anaishi Kisumu huenda kwanza Nairobi kutoa alama za vidole. Beji ya kuingilia mkutano wenyewe hupitia mashirika yaliyoidhinishwa, kila moja na idadi yake, na mengi ya hayo hayana mtu wala mlango huku kwetu. Halafu kuna bei za vyumba, ambazo kule Belém, Brazili, mkutano mkuu ulipofanyika huko mwaka wa 2025, zilipanda kiasi kwamba meli za kitalii zilitiwa nanga ili zitumike kama hoteli. Mtu hawezi kuambiwa abebe yote hayo kwanza ndipo alipwe.

Nimewahi kubishana na wahasibu wa mashirika kuhusu jambo hili, na sitajifanya kwamba hawana hoja. Wanasema wapo vijana waliopokea nauli na hawakuonekana, na wapo wanaoruka kutoka warsha hadi warsha kwa ajili ya posho na chakula cha mchana. Ni kweli, nawajua baadhi yao kwa majina. Lakini hasara ya nauli chache zilizopotea inaweza kuhesabiwa na kuwekewa mpaka, ilhali hasara ya watu ambao hawakuomba kabisa baada ya kusoma ile sentensi ya mwisho haionekani katika kitabu chochote cha hesabu. Isitoshe, hakuna haja ya kumkabidhi kijana bahasha ya noti. Shirika linaweza kumnunulia tiketi ya basi moja kwa moja, kuilipa nyumba ya wageni moja kwa moja, na kumtumia fedha za bodaboda na chakula kwa M-Pesa siku 2 kabla ya safari. Ujumbe wa M-Pesa una tarehe, saa, kiasi na namba ya muamala. Katika nchi ambayo karanga za shilingi 20 hulipiwa kwa simu, sielewi kwa nini ujumbe huo usikubaliwe kama risiti.

Kikundi kinachomfahamu kijana kinaweza pia kumdhamini, kama chama kinavyomdhamini mkopaji wake. Akitoroka na nauli, mwaka unaofuata kikundi hicho hakitapewa nafasi, na nawahakikishia wasomaji kwamba akina mama wa Kano wanajua kumdai mtu kuliko mkaguzi yeyote wa hesabu.

Swali la pili ambalo huulizwa, mara nyingi na watu wa serikali ya kaunti, ni kama isingekuwa bora fedha za tiketi moja ya ndege ziwafunze vijana 20 hapahapa. Mafunzo ya karibu ni ya lazima, nakubali. Mkutano wa Africities, wa miji na serikali za mitaa za Afrika, ulipoletwa Kisumu mnamo Mei 2022, kufika ukumbini Mamboleo kutoka mtaa wa Nyalenda ilikuwa safari ya matatu ya mjini, na hilo peke yake liliondoa nusu ya vikwazo nilivyovitaja. Tuna pia mpango wa FLLoCA, wa kugharamia hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii mashinani, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 150 na Benki ya Dunia mwaka wa 2021, ambao umeziwezesha kaunti kuunda kamati za tabianchi katika wadi. Vijana wanaoketi katika kamati hizo wakiwa hawajawahi kufundishwa kusoma bajeti huishia kupitisha mtaro ambao mkandarasi alikwisha kuuchagua. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikitengwa kwa nauli na mafunzo ya wajumbe hao, nitaunga mkono. Ninachokataa ni hoja hiyo kutumiwa kumwambia kijana wa kijijini kwamba yeye atafunziwa chini ya mwembe huku nafasi za Nairobi, Addis Ababa na Bonn zikibaki kwa wenye pasipoti. Kijijini kwake mafuriko anayafahamu. Asiyoyafahamu ni mahali ambapo kiasi cha fedha huamuliwa, na nani hukiamua.

Jambo moja zaidi ambalo bajeti husahau ni siku za kazi zilizopotea. Anayeishi kwa kibarua akikaa ukumbini siku 4, nyumbani kwake hakuna mboga kwa siku 4, na posho ya kufidia hilo si hongo. Vilevile akirudi anahitaji nauli ya kuzunguka na kueleza alichojifunza barazani, kanisani na kwenye ufuo, kwa sababu bila hiyo elimu hubaki daftarini mwake.

Yule binti alimaliza kulipa deni lake, na sasa ni katibu wa kamati ya mafuriko ya kijiji chao. Wiki iliyopita alipata mwaliko mwingine, wa mafunzo ya siku 3 Naivasha, kutoka shirika tofauti, na sentensi ilikuwa palepale, karibu na mwisho. Safari hii hakwenda kwa chama. Tuliketi pamoja tukaandika jibu: anakubali mwaliko kwa furaha, nauli yake kutoka nyumbani hadi Naivasha na kurudi ni shilingi 3,200, namba yake ya M-Pesa ni hii, na basi linaondoka Alhamisi saa 12 asubuhi.